Gunia la Unga Kitandani Kaptagat

Saa nane mchana, mvua inapiga mabati ya jiko la kambi moja ya wanariadha huko Kaptagat, nje ya mji wa Eldoret. Perez Amolo anasonga ugali. Ghafla mwiko unasimama. Macho yake yanaenda moja kwa moja kwa gunia la unga lililo sakafuni.

"Wacha likae," anajiambia, kisha anaendelea kusonga.

Kwa mpishi mwingine hilo si jambo. Kwa Perez, ndiyo kazi ngumu kuliko zote za siku.

Mwaka jana, alipoajiriwa hapa, mvua ya kwanza ilimkuta peke yake. Wakimbiaji waliporudi wameloa chapachapa, walikuta gunia la unga limelazwa kwenye kitanda cha mmoja wao, limefunikwa blanketi, na sukari iko juu ya mto.

"Tulicheka mpaka mbavu zikauma," anasema Kocha Kipkemboi. "Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Nikamwambia, Mama Betty, hapa tuko juu milimani. Maji yakifika hapa, Eldoret yote imeisha."

Perez alimjibu: "Hata kwetu walisema hayatafika kwa nyumba."

Yalifika. Mto Nyando ulipovunja kingo huko kwao Ahero, mumewe, Odera, alirudi ndani kuinua gunia la mahindi alilaze kitandani lisiloe. Ukuta wa udongo ukamwangukia. Perez aliishi kwa hema miezi kadhaa, halafu akamwacha binti yao Betty na mama mkwe huko huko, akaja kutafuta kazi.

Kocha alikuwa ameshaanza kuulizia mpishi mwingine. Wakimbiaji ndio waliokataa. Ugali wa mama huyu, jameni, hawangeuacha hivi hivi. Basi Kocha akampeleka mjini kwa mshauri nasaha, Naomi Chebet.

"Watu walimuuliza amepoteza ng'ombe wangapi," anasema Naomi. "Hakuna aliyemuuliza analala aje."

Perez halali usingizi. Wingu likitanda tu, moyo unamwenda mbio na mikono inatafuta cha kubeba. Naomi alimfundisha kung'ang'ania kazi aliyoshika mpaka mvua ipite. Siku zingine anaweza. Wiki iliyopita alishindwa: alilikokota gunia hadi mlangoni, akaketi juu yake akalia.

Betty, mwenye miaka kumi, ameomba kuja likizo mara mbili. Mara zote mamake amesema hakuna nafasi. Ni uongo, na unamuuma vibaya.

"Nafasi iko. Sikutaka mtoto anione nikilaza unga kwa kitanda za wanaume," anasema, akicheka huku akipangusa macho.

Sasa amekubali. Naomi alipendekeza Desemba, kukiwa kukavu. Perez amekataa kabisa. Anataka Agosti, wakati mvua ya Kaptagat haina simile.

"Nyanya yake ameniambia na yeye huamka mvua ikinyesha," anasema. "Aje Agosti. Ashtuke, aniangalie, aone nimelala. Hapo na yeye atalala."