Marahaba ya Mama

Somo la Siasa lilipofutwa shuleni Shinyanga, mimi niliyekuwa nikilifundisha nilirudi kwa mama kijijini Ushetu na sanduku la vitabu. Karibu vyote vilisema tabaka la wafanyakazi ndilo litakalowakomboa wengine. Kimoja tu kilibisha. Kilisema hakuna tabaka lililopewa kazi hiyo. Watu huwa kitu kimoja pale malalamiko yao tofauti yanapofungwa pamoja, na mara nyingi kinachoyafunga ni mtu waliyekubaliana kumweka nje. Demokrasia, kilisema, ni kumpinga mtu bila kumfanya adui. Nilikiona kitabu cha watu walioshiba.

Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa. Kijiji kikaitisha dagashida, mkutano wa watu wote, ikapendekezwa tuingie sote chama kimoja tusije tukagawanyika. Nikasimama, mjuaji mimi, nikasema asiyetaka aachwe. Hapo nikaona maajabu. Wakulima wa tumbaku na wafugaji waliokuwa hawaelewani, vijana waliotaka kukimbilia machimbo ya Geita na baba zao waliowakataza, wote wakanyoosha mikono kwa pamoja. Umoja niliouhubiri darasani miaka yote ulipatikana kwa kunitenga mimi.

Kutengwa kwetu ni hivi: hakuna wa kukusalimia, kukupa moto wala kukuuzia chumvi, na anayezungumza nawe anatengwa pia. Mama naye alikuwa amenyoosha mkono. Aliniwekea ugali mlangoni pa chumba changu, akaondoka. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, mayu," naye akaendelea kufagia uwanja. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nililia nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Nilijua hali ile ikiendelea nitakwenda Katoro, kule machimboni, na sitarudi.

Mavuno yalipokwisha niliitwa mkutanoni niombe radhi. Nikasema samahani kwa kuwaudhi, ila mawazo yangu ni yale yale. Mwenyekiti akamgeukia mama.

"Mama, mwambie mwanao."

Mama akasimama, akakaza khanga yake kiunoni.

"Mimi niko upande wenu," alisema. "Huyu amekosea, na chama ni kile kile tulichokubaliana. Lakini kutomwitikia kumenichosha." Kisha akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Marahaba ya siku zote hizo."

Tukatengwa wawili. Jioni ile tulikula sahani moja, na kabla sijamaliza kunawa alikwisha kuanza kunieleza nilivyo mpumbavu. Nilimjibu, akanijibu, tukabishana mpaka ugali ukapoa. Ikawa hivyo kila jioni, hata baada ya kijiji kuturudisha. Katoro sikwenda.

Mama alifariki akiwa bado hakubaliani nami. Siku hizi ugali naula ukiwa wa moto.