Kusoma Mbali na Majirani

Nyumba yetu ya Mabanga, mjini Goma, ilikuwa ya mbao, kama nyumba karibu zote za mtaa ule. Chini safu tatu za mawe ya volkano, juu mbao za mikaratusi, kisha bati. Nyumba ya namna hiyo haina siri. Jirani wa kushoto alikuwa mzee mmoja fundi wa viatu. Akikohoa, unampa pole bila kuinuka kitini. Jirani wa kulia alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamuru, kiongozi wa shirika letu la kanisa. Yeye alijua siku tunayokula nyama na siku tunayokula maharage, na alikuwa akitueleza.

Shirika ni zile kaya za mtaa zinazosali pamoja katikati ya wiki. Kila baada ya miezi kadhaa zamu inafika ya kuongoza misa ya Jumapili: kuimba, kupeleka matoleo, kusoma masomo. Zamu yetu ilipokaribia, mama jirani alisimama kwenye sala ya shirika akasema kwamba yeye miwani yake ilivunjika, kwa hiyo somo la kwanza litasomwa na mke wangu. Watu wakapiga makofi. Mke wangu akatabasamu vizuri kabisa, na mimi niliyekaa karibu naye nikaona vidole vyake vinakunja kona ya kitabu cha nyimbo.

Kitabu hicho alikuwa amekishika kila Jumapili kwa miaka tisa, akigeuza kurasa pale wenzake wanapogeuza. Nyimbo zote alizijua kwa moyo. Kusoma hakujua. Alikulia upande wa Bukavu, kando ya ziwa, kwao wavulana walipelekwa shule na yeye akapelekwa sokoni. Na alipofika Goma kuuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, hakuna mteja aliyemwuliza diploma. Mimi mwenyewe niligundua tukiwa tumeshaoana. Nilimwachia karatasi mezani kwamba nitachelewa kurudi, nikarudi nikamkuta amenuna kwa sababu sikumwambia. Karatasi ilikuwa pale pale, ameweka sufuria juu yake.

Mwaka mmoja kabla ya zamu ile aliniomba nimfundishe. Tulifanya hivyo jioni, kwa kunong'ona, ba be bi bo bu, kama wezi wanaogawana mali. Alikuwa amefika kwenye sentensi fupi, polepole, akifuata kwa kidole. Somo la Jumapili lilikuwa ukurasa mzima.

"Kataa," nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Nikatae nikisema nini?" alijibu chinichini, akionyesha ukuta kwa kidevu. "Niseme sijue kusoma? Batu bajue kama miaka yote nilikuwa nabeba kitabu ya Mungu ya bure?"

Nilikuwa karani katika ofisi ya shule, na nilikuwa na likizo ya wiki moja. Watoto wetu wawili tulikuwa tumewapeleka kwa bibi yao, upande wa Bukavu, tangu waasi walipokaa Rutshuru. Nikamwambia: basi twende nje ya mji kila siku, mahali pasipo na ukuta wala jirani, usome kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Kuchagua njia hakukuwa kazi. Kaskazini kuna waasi, mashariki kuna mpaka, kusini kuna ziwa. Ikabaki magharibi, barabara ya Sake.

Somo lenyewe lilimtisha. Akilifungua tu, sauti inamkauka. Kwa hiyo nilibeba kitabu kingine cha kumlegeza. Volkano ilipokula mji nikiwa kijana, ilipita juu ya nyumba ya baba yangu, na sanduku langu la vitabu likiwa ndani. Kilinusurika kimoja tu, kwa sababu nilikuwa nimemwazima rafiki yangu wa mtaa wa Keshero, na nilikuwa nimeshamtukana mara tatu kwa kutokirudisha. Ni riwaya ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya treni. Mgeni mmoja analala kwake, asubuhi anaondoka, anaacha sanduku lililofungwa kwa kufuli. Harudi. Jalada lake lilikwisha kutoka, na kila aliyekisoma alikuwa amekidondoshea kitu.

Jumatatu tulikwenda kwenye ziwa dogo la Lac Vert kwa pikipiki yangu, iliyokuwa ikizima kila mara tukipunguza mwendo. Tulikaa juu, maji ya kijani chini yetu, mbuzi wawili pembeni. Akaanza kusoma. Mimi si mtu wa subira. Nilikuwa nimejiapiza kuwa na subira, nikawa nayo mpaka mstari wa nne. Baada ya hapo nilimkatiza kila neno, nikamrudisha nyuma, na mwishoni nikamwambia kwamba hata watoto wa mwaka wa pili wa shule wanasoma upesi kuliko yeye. Alifunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anavyorudisha sahani kwa wenyewe, akaenda kusimama karibu na pikipiki. Njia nzima hakunisemesha. Nilijua nimekosa, na sikusema, kwa sababu nilikuwa nangojea yeye aanze.

Jumanne alfajiri alichukua beseni lake la sambaza akaenda sokoni kama kawaida. Nikajua mambo yameharibika. Lakini saa sita akarudi. Beseni alikuwa amemwachia mwenzake.

"Ule bwana alirudilia sanduku yake?" aliniuliza kabla hajavua viatu.

"Soma utaona."

"Nitasoma. Lakini weye utanyamaza."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na nilikubali upesi kuliko alivyotegemea. Mchana huo tulifika mpaka Mugunga. Hatukusimama. Mahema ya wakimbizi yalikuwa yamefika karibu na barabara, akina mama wamepanga foleni ya maji, na hatukuwa na uso wa kukaa na kitabu cha hadithi mbele yao. Mke wangu alisema tu, "Endelea," nami nikaendelea. Tulipata mahali mbele zaidi, kwenye mawe ya volkano ya zamani, ambako majani yalikuwa yameanza kuota. Nilikaa nikampa mgongo ili asione uso wangu. Alisoma kurasa mbili. Aliposhindwa neno, alilikata vipande, akaviunganisha, akalisema tena zima kwa ukali, kama anamkemea mtu. Mimi niliuma kola ya koti langu.

Jumatano tulikuwa Sake, kwenye majani kando ya ziwa, na tulinunua jibini ya Masisi na mahindi ya kuchoma. Jibini ilinisaidia sana, kwa kuwa mtu hawezi kusahihisha akiwa na kinywa kilichojaa. Alisoma sura nzima. Mahali fulani alisimama akaniuliza treni ikipita karibu hivyo, watu wa nyumba ile wanalalaje. Nilimwambia sijui, sijawahi kupanda treni. Alifurahi sana kusikia kwamba kuna kitu ambacho mimi na vitabu vyangu hatukijui, na alilirudia jambo hilo njia nzima ya kurudi, tukipishana na machukudu, zile baiskeli kubwa za mbao, yaliyosheheni makaa na kabichi, yakishuka bila breki ya maana.

Alhamisi yeye ndiye aliyeniamsha. Tulipanda kilima kidogo juu ya Sake, ng'ombe wakitutazama. Sikuwahi kufikiri kwamba ningependa kukaa bila kazi na kusikiliza mtu akisoma kitabu ninachokijua. Nilipenda. Sauti yake ilikuwa inabadilika: mwenye nyumba ya wageni akisema, alimpa sauti ya mama jirani, na mimi nikacheka, na safari hiyo nikaruhusiwa kucheka.

Ijumaa tuligusa somo la kanisani. Mara ya kwanza alikwama mara nyingi, majina ya watu wa zamani yakimpiga chenga. Mara ya tatu alikwama mara moja tu. Jumamosi mizinga ilisikika upande wa kaskazini, mbali lakini mizito, na malori ya wanajeshi yalikuwa yanapita mbiombio. Hatukuthubutu kwenda zaidi ya Lac Vert. Aliniambia niende nisimame mbali, mahali ambapo mlango wa kanisa ungekuwa. Yeye akasimama wima, akafungua, akasoma ukurasa wote bila kidole. Nilisikia kila neno. Safari hii sikungojea. Nilimwambia pale pale kwamba nimefurahi naye na kwamba maneno yangu ya Jumatatu yalikuwa ya kipumbavu.

"Ile nilijua," alisema.

Jumapili alivaa kitenge kipya. Sisi tulikuwa wa misa ya pili. Tulipofika, uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu waliokimbia usiku kutoka kaskazini, na magodoro, na mbuzi, na wazee juu ya machukudu. Padri alitoka akasema misa ya pili haipo, kila mtu arudi nyumbani akae na watu wake. Mizinga ilikuwa karibu sasa. Wengi walilia kwa woga. Mke wangu alilia kwa hasira, waziwazi, akimtukana kila aliyewahi kushika bunduki, pande zote, bila kubagua. Nilimwambia atasoma zamu nyingine. Aliniangalia kama nimemwambia atazaliwa mara nyingine.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyetoka. Risasi zinapopita kwenye nyumba za mbao, usalama uko chini, nyuma ya zile safu tatu za mawe. Tulilala chali sakafuni, magunia ya maharage yakiongeza kimo cha ukuta. Mwanga uliingia kwa mistari kupitia nyufa za mbao. Upande wa kushoto mzee fundi alikuwa akikohoa. Upande wa kulia mama jirani alikuwa akisali, kisha akaacha.

Jumatatu mchana mke wangu alivuta kile kitabu kutoka chini ya mto.

"Zimebakia kurasa ngapi?"

"Karibu thelathini."

Akaanza, kwa kunong'ona kama zamani. Kombora lilianguka mbali, bati likatetemeka, akanyamaza, akatafuta mstari, akaendelea. Akafika mahali ambapo mwanamke wa nyumba ya wageni anamwita fundi avunje kufuli la sanduku. Ndipo mtu akagonga ubao wa kulia mara mbili.

"Mama," ilisema ile sauti ya kuamuru. "Ongeza sauti. Huku hatusikie muzuri."

Mke wangu alikauka. Nilimwona akifunga kitabu nusu.

"Na huku pia," alisema mzee fundi, upande wa pili. "Sanduku iko na nini?"

Alinitazama. Sikusema kitu, ndiyo yalikuwa masharti. Akafungua tena akasoma kwa sauti, amelala chali, kitabu juu ya uso wake. Neno gumu alilikata vipande mbele ya watu wote wale, akaliunganisha, akalisema zima. Hakuna aliyecheka. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa na nguo za mtoto, mpya, zimekunjwa. Nyuma ya ubao mama jirani alisema, "Ayi, Mungu wangu," na mke wangu akashusha kitabu kifuani kwa muda, kwa sababu na sisi tulikuwa na nguo za watoto ndani na watoto hawapo. Kisha akaendelea. Jumanne asubuhi mzee fundi aliomba arudie sura hiyo, akarudia. Tulimaliza kurasa za mwisho mchana, risasi zikiwa zimeshafika mtaani.

Jumatano risasi zilinyamaza. Waasi walikuwa wameshachukua mji. Walipita barabarani kwa mistari, na watu wakatoka kuwaangalia wakiwa wamefumba midomo. Mke wangu hakwenda. Alikaa mlangoni akipembua maharage. Mama jirani alikuja na bakuli, akaomba chumvi, akapewa, asiondoke.

"Mama," alisema, akishusha sauti, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akishusha sauti. "Miye nakusikiaka tangu mwaka jana. Ba, be, bi. Kila mangaribi."

Mke wangu aliacha maharage. "Ulijua? Na ukatoa jina yangu mbele ya batu?"

Hasira zilinipanda. Nilifikiria wiki nzima ile na usingizi aliokosa. Nilifungua mdomo, mke wangu akaniinulia kidole.

"Nilitaka kuona kama mutu mukubwa anaweza kufika," mama jirani alisema. "Nilisema, yeye akisoma ku kanisa, na miye nitakuja kumuomba."

"Na miwani?"

"Miwani gani, mama. Uliniona na miwani siku gani?"

Barabarani waasi walikuwa bado wanapita. Mama jirani aliweka bakuli lake chini, akauliza kama kule tunakoenda na pikipiki kuna nafasi ya mtu wa tatu, na mimi nikaipima pikipiki yangu kwa macho, nikampima na yeye.

"Hatuende mbali," mke wangu alisema. Alisogea kwenye benchi, akampa nafasi, akaingia ndani kuchukua kitabu. Alikifungua ukurasa wa kwanza, mlango ukiwa wazi, akaushika mkono wa mama jirani, akakiweka kidole chake chini ya neno la kwanza. Kisha akanigeukia akaniambia ninyamaze.