Ukuta Niliouvunja Mto Mara

Habari hii nataka muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa watu wa upande wa Serengeti, maana wao wakiisimulia huanzia pale nilipokuwa nimebaki na bukta, nami naona si haki, kwa sababu mtu hafiki kwenye bukta mbele ya wanakwaya hivi hivi, kuna njia aliyopita mpaka akafika hapo. Aibu ni yangu, siikatai. Ila nipeni nafasi nianzie mwanzo.

Niliondoka Kewanja asubuhi bila mpango wowote. Nilikuwa nimekaa pale muda nikiwabebea viroba vya mawe wachimbaji wadogo, na Jumapili hiyo nilipoamka nikaona mawe nimeshayajua ya kutosha (ndivyo nilivyo, hata shule niliiacha darasa la sita, si kwamba nilikuwa mjinga, ila nilikaa karibu na dirisha), basi nikavaa ndala, nikatia shati moja kwenye mfuko, nikateremka kuelekea Mto Mara. Nilitaka tu kuona watu wa ng'ambo wanaishije. Nikavuka daraja, nikatembea, na jua lilipoanza kuuma nikakutana na kundi la watu wanatoka kijijini wakiimba, mbele ngoma, nyuma akina mama wamejitwika masufuria, na chini ya kifuniko kimoja inatoka harufu ya mbuzi aliyeungwa vizuri. Tangu jana yake mchana nilikuwa sijatia kitu mdomoni.

Aliyekuwa mbele ni mwinjilisti wao, jina lake Mwita, mtu mfupi mwenye shingo nene, akanisalimia Bwana asifiwe. Ningeweza kusema habari za asubuhi nikapita zangu. Nikaitikia Amina, tena niliivuta kama mtu aliyezaliwa ndani ya kwaya. Akauliza jina, nikamwambia Nyamhanga, akauliza nasali wapi. Nikasema Nyakunguru (na kweli niliwahi kuingia kanisani kule siku moja mvua iliponikuta). Akafurahi, akanishika mkono, akasema Mungu amewaletea mtu, halafu akanitazama kuanzia ndala mpaka kichwani akaongeza, "Tena mrefu." Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza urefu wangu una kazi gani.

Nikajikuta natembea sambamba na nesi wa zahanati yao, mama mmoja mcheshi aliyepangiwa kazi huku kutoka Njombe, na yeye ndiye aliyenieleza. Walikuwa wanakwenda kubatiza mtoni. Miongoni mwa wabatizwa alikuwamo Bibi Ghati, yule pale mwenye mkongojo, ambaye umri wake wote ameshika mila za wazee. Mwaka huu aliugua, na hawa watu wa ushirika, ambao hata si ndugu zake, wakawa wanapokezana kumchotea maji, kumpikia uji na kumpalilia shamba, mpaka siku moja akauliza ninyi ni watu wa namna gani, nami naingiaje. Tatizo ni mwanawe, Chacha, anayeishi naye. Chacha ametangaza mbele ya watu kwamba mama akiingia kwenye maji hayo asirudi kulala kwake. Bibi naye amesema ataingia. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja kuona nani kati yao atarudi nyuma.

Nikauliza kwa nini wasimbatize kwenye pipa, mzee kama yule. Nesi akasema Bibi mwenyewe amekataa pipa, anataka mtoni kama wenzake. Nikauliza, na mamba je? Maana hata Kewanja tulisikia kwamba pale ng'ombe wanaponyweshwa, ndama alivutwa majini mwenyewe akitazama. Nesi akasema, bila hata kupunguza mwendo, kwamba mamba wapo, lakini wao huweka ukuta.

Ukuta wenyewe niliuona tulipofika. Mto ulikuwa mpana, maji rangi ya chai ya maziwa, na kwenye tope la ukingoni kulikuwa na alama ndefu ya kitu kizito kilichoburuzika kuingia ndani. Wanaume wakatangulia, wakapiga maji kwa fimbo, wakarusha mawe, kisha wakashikana mikono wakafanya nusu duara upande wa kilindi, nyuso zikitazama kule kwenye kina, migongo ikiwaelekea wanaobatizwa. Maana yake ni kwamba mamba akija, anakutana na wao kwanza. Na kila aliyesimama pale alishawahi kusimamiwa na wenzake siku yake ya kubatizwa, kwa hiyo leo anarudisha.

"Ndugu Nyamhanga," Mwita akaniita, "wewe kaa pale katikati, panapozama."

Ningesema hapo hapo kwamba mimi si wa kwao. Lakini akina mama walikuwa wanatazama, sufuria lilikuwa linanukia, na mimi ni mwanaume wa Kikurya, mura, mtu wa kutahiriwa bila kupepesa jicho. Wakaniambia niache suruali nchi kavu, nesi akaniazima kitenge chake cha maua ya njano, nikakifunga kiunoni haraka haraka, nikaingia.

Siogelei. Hilo nililikumbuka maji yalipofika mbavuni. Kushoto nilishikwa na fundi baiskeli wa kijiji, mkono wake mkavu na mtulivu kabisa, anaimba kwa sauti ya chini kana kwamba anajaza upepo tairi, na mimi natazama yale maji nisione hata inchi moja ndani yake, kila kijiti kinachopita kwangu ni pua, kila povu ni jicho. Wakabatizwa wa kwanza, wa pili, kwa nyuma nasikia maji yanapasuka na watu wanashangilia, nami naomba kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kudanganya.

Kisha zamu ya Bibi ikafika. Nikageuza shingo kidogo, nikamwona Bibi Ghati anaingia, Mwita amemshika, na kule juu ukingoni Chacha amesimama peke yake, mikono kifuani. Bibi akafika maji ya kiunoni. Na hapo hapo kitu kikanigusa shavu la mguu. Kikanigusa, kikateleza, kikazunguka, kikaanza kukaza.

Niliachia mikono ya watu wawili kwa mpigo mmoja, nikapiga ukelele kwamba mamba huyo, nikakimbia. Sijui ndani ya maji mtu anakimbiaje, ila nilikimbia. Na ukuta ule ukitoka mtu wa katikati hautengenezeki, wote wakafuata, maji yakawa kama yanachemka, wanakwaya wakapanda ukingo kwa magoti, ngoma ikaviringika mtoni, na mmoja wa akina mama alikanyaga sufuria (la ugali, namshukuru Mungu, si la nyama). Nchi kavu nilifika wa kwanza. Nilipogeuka kumtafuta mamba nikaona kitenge cha nesi kinaelea taratibu na maua yake ya njano, kinashuka na mto. Fundo lilikuwa limefunguka. Nami nimesimama mbele ya kwaya nzima na bukta, na bukta ile ina tundu, na tundu liko nyuma, na nyuma ndiko kwaya ilikokuwa.

Lakini hilo la bukta ni dogo. Kubwa ni kwamba ndani ya maji walibaki wawili. Mwita hakumwachia Bibi, na Bibi hakukimbia, miguu yake haikimbii. Alikuwa amesimama vilevile ametugeukia, anatuangalia tulivyosongamana ukingoni, watu waliompa uji, tumemwachia mto wote mgongoni.

Chacha hakucheka. Ningependa angecheka.

"Mama, toka," akasema. "Umewaona hao ndugu zako."

Mwita akamnong'oneza Bibi, nadhani alimwambia waahirishe, kwa sababu Bibi alitikisa kichwa akasema akitoka leo hatapewa tena nafasi ya kuja, na wote tulijua anasema kweli. Akauliza ni nani aliyepiga kelele. Vidole vyote vikanielekea.

"We mura, njoo hapa."

Nikasogea mpaka maji yanapoanza, nimeziba tundu kwa mkono mmoja. Nikamwamkia shikamoo (mtu ukiogopa unasalimia tu). Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba Bibi nisamehe, mimi si mwenzao hawa, Nyakunguru niliingia kwa sababu ya mvua, na leo nimefuata nyama.

"Sijakuuliza unasali wapi," akasema Bibi Ghati. "Nauliza kama utasimama."

Nimewahi kushuka kwenye mashimo ya dhahabu ambayo kamba yake iliungwa kwa kipande cha katani, sijawahi kuogopa vile. Mwili wangu wote ulikuwa unakataa. Nilichokiona ni kwamba mimi nisipoingia hakuna mwingine atakayeingia, yule mzee atatoka mle amelowa nusu, ataongozwa kwenda kwa mwanawe kama mbuzi aliyepotea akapatikana, na itakuwa ni kwa ajili ya fundo nililofunga vibaya. Nikaingia. Nililia, sifichi, nilikuwa nalia huku naingia, nikaenda nikasimama palepale panapozama nikakitazama kile kilindi, nimenyoosha mikono miwili hewani bila mtu wa kuishika.

Kilipita kitambo. Halafu mkono mkavu ukanishika wa kushoto. "Safari hii," fundi baiskeli akasema, "nimekukaza kama nati." Na kweli mifupa ilinilia. Mwingine akanishika wa kulia, wengine wakaja, ukuta ukafunga, na nyuma yangu nikasikia Mwita anasema maneno yake, maji yakapasuka, na mzee akaibuka anakohoa na kusema Amina kwa sauti ndogo kama ya mtoto mchanga.

Tulipotoka, Chacha alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameutwaa mkongojo wa mama yake uliobaki ukingoni, akauchomeka kwenye mchanga pale atakapouona, akaenda zake. Watu waliutazama mkongojo ule kwa muda mrefu, wengine wakasema ni wema, wengine wakasema ndiyo kufukuzwa kwenyewe.

Chakula tulikula kwenye masinia, na hakuna aliyenisema. Hicho ndicho kilichonishinda kumeza. Walinisogezea paja zima la mbuzi, nesi akanitania kwamba kitenge chake kitafika ziwani kabla ya Jumatatu, na nilipotaka kuchukua mfuko wangu nianze kurudi Kewanja akaniambia mtu wa ukuta halali njiani.

Basi jioni tukaingia kijijini wageni wawili, mimi na Bibi Ghati, kwa nesi, nyumba ya serikali ya vyumba viwili na sebule. Kabla hatujakaa wakaanza kuja. Huyu na godoro kichwani, huyu chandarua, huyu unga, fundi baiskeli na kuku aliyefungwa miguu, kila mmoja anaweka anaondoka bila maneno mengi, kama watu waliokwisha kukubaliana zamani. Bibi akapewa chumba, mimi mkeka sebuleni.

Nesi alipokwenda jikoni nikamsogelea Bibi, nikamwambia tena anisamehe, kwamba kumbe kilikuwa kitenge tu.

"Najua. Nilikiona kinapita."

Akawa anajipangusa miguu kwa kanga, polepole, mguu mmoja kisha mwingine.

"Kilichonipitia mimi hakikuwa kitenge," akasema.

Nikamuuliza lini. Akasema mara ya pili, tulipokwisha kurudi, Mwita akiwa anaomba. Kilitokea upande wa nchi kavu, ambako hakukuwa na ukuta. Kilikuwa kigumu, kirefu, na hakikuwa na haraka.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema," akajibu, "wewe ungebaki?"

Akavuta blanketi la watu, akalala, na muda si mrefu akaanza kukoroma. Mimi nilikunja miguu yote miwili juu ya mkeka, ndani ya nyumba ya saruji yenye mlango wa chuma, mto uko mbali kabisa, nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo mimi na maji tutakutana kwenye ndoo tu, tena nikiwa nimeona chini yake.