Skrubu Aliyoiacha Baba

Baba yangu alinunua gari la rimoti akiwa tayari na wajukuu, na hakumnunulia mjukuu yeyote. Alilipata Nairobi, alipokwenda kupeleka viazi vya kwetu Kibirichia. Lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama kiazi cha mbegu, inayotumia mafuta yake maalumu. Baba hakuamini habari ya mafuta maalumu. Jumamosi ya kwanza alilitia petroli iliyochanganywa na oili, ile ya msumeno wake wa injini, tukavuta kamba ya kuliwashia mpaka mikono ikafa ganzi. Majirani walitucheka waziwazi. Mama alisema wanaume wengine wakizeeka huoa mke wa pili, kwa hiyo yeye hana la kulalamikia.

Ilibidi arudi Nairobi kutafuta mafuta. Hapo ndipo tulipojifunza subira, maana injini mpya haikimbizwi. Tangi baada ya tangi tuliliacha lizunguke polepole kwenye shamba lililovunwa, likitoa moshi wenye harufu tamu. Mimi, nikiwa bado sijaolewa, nilishika kifaa cha kupasha plagi. Yeye aliinama na bisibisi. Gia za plastiki zilipokatika meno alitia za chuma, na bomba la moshi akalibadilisha. Lakini raha yake yote ilikuwa skrubu moja ya kabureta, inayopima mafuta. Aliizungusha kidogo, akatega sikio, akaizungusha tena, mpaka injini ikanguruma anavyotaka. Aliniambia kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta hupunguzwa.

Alipofariki, kaka zangu waligawana shamba na ng'ombe. Mimi niliomba gari. Walinipa upesi mno, wakiogopa nisije nikabadili nia. Nikashuka nalo Gachoka, nilikoolewa, kwenye joto na vumbi.

Huko liliwaka mara moja, ila sauti ilikuwa kali na nyembamba, si ile. Nikalizima mbio. Hewa ya chini ni nzito. Mafuta aliyopima Baba hayakutosha, na injini ingejichoma hadi ife. Mume wangu aliniletea bisibisi, akasema niifungue skrubu kidogo tu. Alisema kweli kabisa, na nilimchukia siku nzima. Kila kitu kingine cha Baba kilikuwa kimekwisha kushikwa na watu: koti lake limevaliwa, jembe limetiwa mpini mpya, kitanda kimehamishwa. Skrubu ile ilikuwa bado pale pale vidole vyake vilipoiachia. Nikiigusa, nilijiambia, atakuwa ameondoka kabisa. Na nilikuwa na hamu ya kuisikia injini yake, hamu ya kuniuma kifua.

Nilivumilia miezi. Mwishowe nilifunga gari kwenye leso, nikapanda nalo Kibirichia. Mama alikuwa jikoni na mlango umerudishwa. Sikubisha hodi, nilitaka kwanza kuwa peke yangu. Nilizunguka nyuma ya zizi, nikapasha plagi, nikavuta kamba. Likawaka. Nililiacha lipate moto, kisha nikabana rimoti, na sauti ikapanda, ikajaa, ile ile, kando ya viazi vilivyoanza kutoa maua. Nililia kama mtoto.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka nyuma yangu. Mama alitokea na kikombe mkononi, uso wake una uchangamfu ambao sikuwa nimeuona tangu mazishi.

"Zima hiyo kitu, Mzee," alisema. "Chai inapoa."

Kisha akaniona ni mimi. Uchangamfu ule ukamtoka polepole. Niliinama haraka kulizima gari, nikiomba msamaha, lakini alikuja akanishika mkono.

"Wacha," akasema. "Wacha iishe yenyewe."

Tukasimama pale wawili, chai ikapoa, mpaka tangi likakauka.