Kumi na Mbili ya Megapaskali

Hesabu hazijawahi kunitisha, na hapa nitajisifu bila haya. Sasa naishi Mjimwema, lakini siku ile nilikuwa muuguzi kwenye kituo cha afya upande wa Namtumbo.

Mtoto alikuwa na nimonia kali. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Ilibidi apelekwe Songea haraka, tena akiwa kwenye oksijeni njia nzima. Tukafunga geji mpya ya kupimia presha kwenye mtungi, maana ya zamani ilikuwa imevunjika. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili.

Dereva akazima gari la wagonjwa. "Sitoki." Akanionyesha ukutani, pale tulipoandika kwa rangi nyekundu: CHINI YA HAMSINI, GARI HALITOKI. "Kumi na mbili, sista! Mnataka mtoto atufie njiani?"

Bibi wa mtoto akakaa palepale sakafuni, akaanza kulia. Mwenzangu wa zamu akasema tusubiri mtungi mwingine utoke mjini. Tusubiri! Mtoto mwenyewe alikuwa na subira gani?

Nikasogeza uso kwenye geji. Ile ya zamani ilisoma presha kwa kipimo cha bar, na hamsini ya ukutani ni bar hizohizo. Hii mpya ilikuwa na maandishi madogo chini ya mshale: MPa. Lo! Megapaskali moja ni bar kumi. Basi tulikuwa na bar mia na ishirini, na sisi tunalia kama tumefilisika.

"Washa gari, baba," nikamwambia dereva. "Zidisha kwa kumi. Mtungi huu unatufikisha Songea na oksijeni nyingine inabaki."

"Na kama umekosea?"

"Nakaa nao nyuma mimi mwenyewe. Twende!"

Bibi akanishika mkono. "Mwanangu, una hakika?"

"Ninayo, bibi. Panda."

Njia nzima sikubandua macho kwenye mshale, na bibi hakuyabandua kwangu. Tulipita njia panda ya Hanga mshale bado uko juu ya kumi na moja. Moyoni nilikuwa naimba, wallahi, mimi Mkatoliki mzima.

Kwenye mapokezi ya hospitali ya Songea, walipombadilishia mpira wa oksijeni, mtoto akalia kwa hasira, kilio cha mtu mwenye pumzi za kuchezea. Bibi akapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio.

Daktari akauliza ndugu wa mtoto ni nani. Bibi akajigusa kifua, kisha akaninyooshea kidole mimi.