Miaka Yangu na Majirani wa Mwezi

Siku yangu ya kwanza katika kazi ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi, na kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Siku nyingine za wiki nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya chama cha ushirika cha kahawa mjini Nyeri, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilipiga barua za mbolea na matangazo ya mikutano. Ndipo mwalimu mmoja wa fizikia, kijana mrefu mzaliwa wa Kangema, akaja mezani pangu na bahasha kubwa kwapani.

"Wangui, nimeambiwa unajua kukata stenseli."

"Najua, Mwalimu."

"Lakini ni za mbolea tu, ama hata za mwezi?"

Nilidhani ananitania. Bahasha ile ilikuwa na hadithi za vyombo vya angani, za mashine zenye huzuni, za mji uliojengwa chini ya barafu ya Mlima Kenya. Yeye na wenzake wachache walikuwa wanaanzisha jarida la hadithi za namna hiyo. Hakukuwa na kampuni wala tajiri. Walikuwa wapenzi wa hadithi tu. Waliliita Majirani wa Mwezi, kwa sababu sisi watu wa mlimani, alisema, tumeishi karibu nao kuliko wengine.

Ninyi mnaobonyeza kitufe na ukurasa ukatoka, hebu niwaeleze stenseli. Ilikuwa karatasi laini iliyopakwa nta. Uliiingiza kwenye taipureta, ukaondoa utepe wa wino, ili herufi zenyewe zichane nta kama kucha. Baadaye uliivalisha kwenye pipa la mashine ya kurudufu, ukazungusha mpini, wino ukapenya pale ulipochana. Ukikosea, ulipaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, ukaipuliza ikauka, ukagonga tena. Na herufi o ilitaka kidole cha mama anayembembeleza mtoto. Ukiigonga kwa hasira, kiduara kilidondoka, na msomaji akapata ukurasa uliojaa macho meusi.

Hadithi haikukatiwa stenseli kabla ya kupimwa. Kipimo kilikuwa mtaani Majengo, kwenye kibanda cha chai cha Mama Zuhura, jirani na msikiti. Mhariri, yaani huyo mwalimu, alisoma kwa sauti huku wateja wakinywa chai. Chai ikipoa vikombeni, hadithi imepita. Ikinyweka yote, hadithi irudi nyumbani ikalale.

Mashine ilikuwa ya shule aliyofundisha. Mwalimu Mkuu alituruhusu kuitumia Jumamosi, karatasi na wino vikiwa vyetu. Alikuwa mtu wa tai na saa ya mfukoni, na hakupenda jarida letu hata chembe. Asubuhi moja alitukuta tukizungusha mpini, akaokota ukurasa kwa ncha za vidole.

"Mwalimu, hii mashine ni ya mitihani. Si ya watu wa kijani wa angani."

"Hawa si wa kijani, sir. Ni wa fedha."

"Hata wakiwa wa dhahabu! Siku ya wazazi nitaweka toleo lenu mezani. Wazazi wakilipenda, endeleeni. Wakilitupa, mashine inaingia stoo na ninafunga kufuli."

Hakukuwa na mashine nyingine mjini ambayo tungeipata. Ile ya ofisini kwangu meneja aliilinda kama mboni ya jicho. Kufuli lile lingekuwa kaburi la jarida, nami ningerudi kwenye mbolea siku zote saba.

Mhariri akaandika hadithi ya kutuokoa. Alikuwa na hakika nayo kiasi kwamba akanipa nikate stenseli kabla ya kuipeleka Majengo. Wageni kutoka nyota ya mbali wanashuka Mlima Kenya, chombo chao kinatua kileleni kabisa, theluji inayeyuka, na dunia nzima inatetemeka. Nilikata huku nywele zikinisimama.

Huko Majengo, Mhariri alisoma kwa madaha. Nilitazama vikombe. Mzee mmoja kutoka Mathira, muuza viazi, alimaliza chake, akaomba kingine, akakimaliza hicho pia.

"Mwalimu," alisema, "huko juu ni kiwanja ya ndege?"

"Chombo kama hicho kinahitaji mahali pa juu, Mzee. Hii ni sayansi."

"Ati sayansi. Wazee wetu walikuwa wakiomba wakiangalia huko. Sasa hao watu wako na akili ya kutoka kwa nyota mpaka hapa, na hawana adabu ya kusimama kwa mlango?"

Kibanda kizima kilicheka. Mama Zuhura akafuta meza mbele ya Mhariri, akamwambia kwa upole, "Hata jini hubisha hodi, mwanangu."

Ndilo kosa ambalo sisi wa huku tu tungeweza kulifanya: kuamka kila asubuhi tukiutazama mlima ule, kisha kuuandika kama mtu aliyeuona kwenye kalenda. Mhariri aliondoka bila kuaga. Nilibaki na stenseli zisizo na kazi, na siku ya wazazi ilikuwa inakaribia.

Jumatatu akaja ofisini macho mekundu, ameshika karatasi mpya. Wageni walikuwa wametua Timau, chini ya mlima, katikati ya shamba la ngano la mjane mmoja. Naibu wa chifu anawasimamisha juani na kuwauliza maswali yasiyo na mwisho. Mjane naye ana sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yake, motoni, na anataka kwanza waingie kula. Hadithi inakatika hapo, mwiko ukiwa hewani. Tuliisoma kwa Mama Zuhura. Chai ilipoa hadi ikafanya utando.

Siku ya wazazi, mwanzoni, watu walivaa jarida letu kichwani kama kofia ya kukinga jua. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha baba mmoja aliivua kofia yake, akaanza kumsomea mkewe asiyeona vizuri. Jirani akasogeza kiti. Mwingine akasogea. Mwalimu Mkuu alipopanda jukwaani kuhutubia, safu nne za nyuma zilikuwa zimempa mgongo.

"Mgeni haulizwi jina akiwa na njaa!" mama mmoja alifoka.

"Na kama wamekuja kuiba mbegu?"

"Wezi gani wanakuja na taa zinawaka hivyo, Baba Kamau? Wewe mwenyewe ulikula kwetu kabla tujue umekuja kuposa!"

Kicheko kilipasuka kama mahindi kikaangoni. Mwalimu Mkuu alishuka, akaja moja kwa moja kwetu, nakala mkononi imejaa alama za vidole vyake. Kumbe alikuwa ameisoma.

"Nani ako na ukurasa wa mwisho?"

"Haujaandikwa, sir," alijibu Mhariri. "Ni wa toleo lijalo."

Alitoa ufunguo wa chumba cha mashine, akauweka kwenye kiganja changu, si cha Mhariri.

"Msichana, huyu mtu aandike haraka. Mke wangu hatanipa amani."

Baada ya hapo hatukushikika. Ushirika uliponihamishia Karatina, nilianzisha ukurasa wa barua, na wakulima wakabishana na wanafunzi kuhusu kama roboti anaweza kubatizwa. Niliposogezwa Nanyuki, vijana waliniletea michoro ya miji yenye mashamba ya chai hewani. Mhariri alipohamishwa upande wa Meru, mimi niliyeanza kwa kubembeleza herufi o nikaketi kwenye kiti chake. Tulichapa hadi mwisho wa miaka ya tisini. Maduka ya kompyuta yalipofunguliwa, waandishi wetu walikuwa wa kwanza kupanga foleni wachape hadithi zao wenyewe. Hakuna aliyetufunga. Tulifunga wenyewe, tukiimba.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza tulipata nini. Tulipata wasomaji waliogombana juu ya hadithi zetu kama watu wanaogombana juu ya mambo ya nyumbani kwao, na sijui mwandishi hulipwa nini kingine zaidi.

Miaka yote ile nilichapa safari za wengine. Mwaka huu nimeanza yangu. Mhusika wangu ni mpiga taipu aliyestaafu, magoti yanamuuma, na leo asubuhi nimemfikisha sayari ya Mshtarii. Amevua viatu. Hataki kurudi, nami sitamlazimisha.