Chapuchapu na Asilimia Kumi

Wenzake walimwita Chapuchapu, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mhudumu katika mkahawa wa meza kumi na nne, na kwa miaka kumi na mmoja alibeba sahani nne kwa mpigo, akapita katikati ya viti bila kumwagia mtu hata tone. Mume wake, fundi viatu, alimbadilishia soli kila baada ya miezi mitatu.

"Ungekuwa mteja wa kulipa," alimtania, "saa hizi ningekuwa na nyumba ya ghorofa."

Mshahara haukuwa umepanda tangu kitinda mimba wao azaliwe, na mtoto mwenyewe sasa alikuwa darasa la tatu. Mteja akivunja glasi, aliyekatwa ni mhudumu. Kukaa ilikuwa marufuku, hata mkahawa ukiwa mtupu. Wakiomba nyongeza, bosi aliwavika kilemba cha ukoka: "Nyinyi ndio nguzo za hapa!" Kisha akaingia ofisini na kufunga mlango.

Lililowauma zaidi lilikuwa mstari mmoja chini ya kila risiti: "Huduma, asilimia kumi." Wateja waliamini fedha hizo ni za wahudumu, kwa hiyo hawakuacha bakshishi. Wahudumu hawakuwahi kuonja hata senti.

Jumanne moja mchana, mwalimu mstaafu aliyependa kula samaki pale dirishani alivaa miwani, akaisoma risiti yake.

"Mwanangu, hii asilimia kumi mnagawana vipi?"

Siku nyingine Chapuchapu angetabasamu tu akapita. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekatwa kwa jagi lililoangushwa na mtoto wa mteja.

"Mwalimu, huduma ni yangu. Pesa yake hata sura siijui."

Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa. Halafu akaacha kucheka, akaenda kaunta. "Niondolee hii. Nitampa mwenyewe mkononi." Waliokaa meza ya jirani walisikia, nao wakataka vivyo hivyo. Kufikia Ijumaa, nusu ya wateja walikuwa wanauliza swali lilelile.

Bosi akamwita Chapuchapu ofisini, chumba chenye magunia ya mchele mengi kuliko karatasi.

"Umewaambia nini wateja wangu?"

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Si ungesema hujui?"

"Bosi, nikisema sijui kilicho kwenye risiti, si utanikata tena?"

"Vua aproni. Nenda nyumbani!"

Aliikunja vizuri, akapitia jikoni. Mpishi, mtu mnene asiye na maneno mengi, alimtazama akiwa na upawa mkononi.

"Unaenda wapi, na watu ndio wamejaa?"

"Nimefukuzwa."

Mpishi alizima majiko yote manne, moja baada ya jingine, akavua kofia. "Basi twende. Mimi siwezi kupika halafu nipeleke mezani mwenyewe." Wahudumu watatu waliobaki wakavua aproni zao. Wote watano wakaketi kwenye benchi nje ya mlango, mbele ya macho ya wateja, wakanyoosha miguu. Mmoja akaanza kucheka kwa woga, na kicheko kikawaambukiza wote.

Ndani, bosi alishika trei mwenyewe. Supu ya meza ya tatu ilifika meza ya tisa. Kuku wa meza ya tisa hakufika popote. Mteja mmoja akampigia mluzi: "We! Mbona unazubaa?" Bosi akageuka mdomo wazi. Hakuwahi kupigiwa mluzi tangu aufungue mkahawa ule.

Haikupita saa nzima. Alitoka na shati lililolowa supu.

"Haya, mnataka nini?"

Wenzake wakamtazama Chapuchapu. Akapiga moyo konde.

"Asilimia kumi iwe yetu. Igawanywe kila Jumamosi, na jikoni wapate. Glasi ya mteja ailipe mteja. Na kukiwa hakuna mtu, tukae."

"Na mshahara," mpishi akadakia.

"Mshahara tutaongea," bosi akajibu upesi.

"Hayo mengine yaandike," Chapuchapu akasema.

Bosi aliandika palepale, akaweka sahihi. Majiko yakawashwa.

Mshahara ulikuja kupanda mwaka uliofuata, tena kwa kuburutana, na kidogo. Ila mgao wa Jumamosi haukukosekana. Baada ya wiki sita, Chapuchapu alinunua godoro, kwa sababu watoto wake wawili walikuwa wakilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kwenye moja. Fundi viatu alilibeba kichwani kutoka dukani, akiimba kwa sauti mbaya njia nzima. Usiku huo watoto hawakulilalia. Walirukaruka juu yake mpaka jirani akagonga ukuta, na mama yao, badala ya kuwakemea, akavua viatu, naye akapanda.